Habu ya USB inayochaji simu kweli: mwongozo kamili, kuanzia hodi ya simu mpaka kupima kwa multimita

Watu wengi wanaamini chaja ndo inayosukuma umeme kwenye simu, yaani ukifunga adapta kubwa nyuma ya habu (kile kifaa kinachogawa poti moja ya USB kuwa kadhaa) basi simu zote zitachaji haraka. Sio hivo. Simu ndo inaamua ivute kiasi gani, na kabla haijaamua inauliza kwanza alafu inasikiliza jibu. Habu isiyojua kujibu, simu itavuta 500 mA tu hata ukiifungia adapta ya ampea 10. Na habu ikijibu "vuta tu" wakati nyuma yake umeme hautoshi, hapo ndo poti zinaanza kukatika, diski inapotea katikati ya kukopi, na mtu anaanza kulaumu kebo. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni mbili: kuifanya kontrola ya habu (chipu inayoiendesha) ijibu sawasawa, na kuhakikisha haiahidi isichokuwa nacho.

Andaa multimita, kebo ya USB ambayo hujali kuikata, betri ndogo ya 1.5 V kama zile za rimoti, resista ya ohm 150 na nyingine ya ohm 100, kile kifaa kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea, na kompyuta yenye Linux. Kama bodi unaitengeneza mwenyewe basi datashiti (maelezo rasmi ya mtengenezaji) ya chipu yako iwe wazi muda wote, usikariri pini kutoka chipu nyingine hata kama majina yanafanana.

KWANZA ELEWA SIMU INAULIZA NINI

USB 2.0 ya mwaka 2000 ilipanga kwamba kifaa kinaruhusiwa 100 mA kabla hakijasajiliwa na kompyuta, alafu kikishasajiliwa kinaweza kupewa mpaka 500 mA. USB 3.0 ya 2008 ikapandisha ikawa 150 na 900. Na kompyuta ikiilaza poti, kifaa cha USB 2.0 kinatakiwa kushuka mpaka 2.5 mA, ambayo kwa betri ya simu ni sawa na hamna kitu. Ndo maana ikaja sheria ya pembeni ya kuchaji betri, toleo lake la 1.2 lilitoka Desemba 2010 na mafundi wanaliita BC 1.2 (BC ni Battery Charging). Hilo ndo linatupa majina matatu utakayokutana nayo kwenye kila datashiti: SDP ni poti ya kawaida ya data, CDP ni poti inayochaji kwa nguvu huku data zinaendelea kupita, na DCP ni poti ya chaji tupu, data hamna.

Simu inazitofautishaje? Inabisha hodi. Ukiichomeka inaweka kama 0.6 V kwenye waya wa D+ (inaruhusiwa 0.5 mpaka 0.7) alafu inatega sikio kwenye D-, hizo ndo waya mbili za data. Poti ya kawaida imevuta D- chini kwa resista ya kama kilo-ohm 15, kwa hiyo kule ni kimya, simu inajua iko SDP na inatulia kwenye 500 mA yake. Lakini D- ikipanda ikavuka mstari ulio kati ya 0.25 na 0.4 V, basi kuna aliyeitika karibu.

Sasa nani kaitika? Hapo simu inahamia mlango wa pili, inaweka 0.6 V kwenye D- na kusikiliza D+. DCP imeunganisha D+ na D- pamoja kwa upinzani usiozidi ohm 200, kwa hiyo volti yoyote utakayoweka upande mmoja inatokea upande wa pili, ni mwangwi wa sauti yako mwenyewe. CDP haijaunganisha chochote. Ile mara ya kwanza iliitika kwa makusudi, iliiona hodi kwenye D+ ikaweka 0.6 V yake kwenye D-, ila kwenye D+ huwa haiitiki. Basi, D+ ikipanda ni DCP, ikibaki chini ni CDP, na kwa zote mbili simu inaruhusiwa kuvuta mpaka 1.5 A.

Kuna kitu kidogo kinatangulia yote haya na kinaelezea kwanini simu nyingine zinachelewa kuonyesha alama ya chaji. Kwenye plagi ya USB pini za umeme ni ndefu kuliko pini za data, ukichomeka polepole umeme unafika kwanza. Simu isipokuwa makini itabisha hodi wakati waya za data bado hazijagusana, itasikia kimya na kujiweka SDP. Kuzuia hilo inapitisha mkondo mdogo sana kwenye D+, kati ya 7 na 13 µA, na kungoja D+ ivutwe chini kama dalili kwamba pini zimegusa. Kama dalili haiji, saa yake inaisha baada ya muda wa kati ya 300 na 900 ms na inaendelea hivohivo. Chaja zilizoweka volti ya kudumu kwenye waya za data ndo zinasababisha huo usubirifu.

Hizo za volti ya kudumu ni ukoo mwingine kabisa, hazimo kwenye BC 1.2. Vifaa vya Apple vinasoma volti za vigawa, yaani volti zinazopatikana kwa kugawa 5 V kwa resista: 2.0 V kwenye D+ na 2.7 V kwenye D- ni 1 A, ukizigeuza ni 2.1 A, na 2.7 V pande zote ni 2.4 A. Kuna vifaa vingine vinatafuta 1.2 V pande zote mbili. Kontrola nyingi za habu zinaweza kuigiza hizi pia, ila elewa kitu kimoja: volti za namna hii kwenye D+ na D- haziwezi kukaa pamoja na data. Ukiwa na kompyuta upande wa juu, yaani upande habu inakochomekwa, njia ya heshima ya kuchaji kwa nguvu huku data zinapita ni CDP.

HATUA YA 1: JUA CHIPU ILIYOPO NDANI

Usianze na chochote kabla ya hili. Chomeka habu kwenye Linux, andika lsusb, uone namba zake. Ukiona 0424:2514 kwa mfano, hiyo ni familia ya USB2514 ya SMSC ambayo sasa iko chini ya Microchip. Alafu:

sudo lsusb -v -d 0424:2514

Shuka mpaka sehemu ya maelezo ya habu, tafuta wHubCharacteristic. Unataka kuona maneno "Per-port power switching" na "Per-port overcurrent protection", yaani kila poti inaweza kuwashwa na kuzimwa peke yake na kila poti ina ulinzi wake. Ukiona "Ganged" maana yake poti zote zinazimwa kwa pamoja, na hapo uchaji wa BC utakusumbua kwa sababu nitakayoeleza kwenye hatua ya 7.

Ila usiamini hiyo karatasi moja kwa moja. Kuna habu nyingi zinajitangaza zina swichi kwa kila poti wakati kwenye bodi VBUS (njia ya umeme wa 5 V) imepigwa waya moja kwa moja kutoka adapta. Jaribu na uhubctl, programu ya kuwasha na kuzima poti za habu:

sudo uhubctl -l 1-1 -p 3 -a off

Badili 1-1 na 3 kulingana na yako, alafu pima volti kwenye poti hiyo. Kama 5 V bado ipo pale pale wakati programu inasema imezima, basi swichi hamna.

Kitu kingine cha kuangalia ni kama chipu ina BC kabisa. USB2514B inayo, TUSB8041 ya Texas Instruments inayo, USB2534 inayo na zaidi. Chipu za habu za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina, na hamna faimwea (programu ya ndani ya chipu) wala resista itakayoongeza. Kama yako ni ya hivo, ishia hapa, tafuta habu nyingine.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA UMEME KABLA HUJAWASHA KITU

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo mambo yanaharibikia. Habu inayokula umeme wa kompyuta peke yake ina 500 mA jumla, ikijichukulia 100 yenyewe zinabaki 400 za kugawa poti nne, yaani 100 kila moja. Habu ya namna hiyo haina haki ya kujiita CDP, sahau.

Yenye adapta yake: poti nne mara 1.5 A ni 6 A, kwa 5 V hiyo ni wati 30, na bado hujaihesabu kontrola yenyewe. Kama unaingiza 12 V na kushusha kwa konvata yenye ufanisi wa asilimia 90, upande wa kuingilia unahitaji zaidi ya wati 33, kwa hiyo adapta ya 12 V 3 A (wati 36) inatosha lakini haina nafasi ya kupumua. Ukiwa na adapta ya 5 V 3 A tu basi washa BC kwenye poti moja, zilizobaki ziache SDP: 1.5 ya hiyo moja na 0.5 mara tatu ni ampea 3 kamili, na hapo tayari umefika ukingoni bila hata kuihesabu chipu.

Mi hili lilinifundisha kwa vitendo. Niliwahi kuwasha BC kwenye poti zote nne za bodi iliyokuwa na 5 V 3 A, na ilifanya kazi vizuri wiki nzima kwa sababu nilikuwa nachomeka simu mbili tu. Siku nilipochomeka ya tatu ikiwa imeisha chaji kabisa, VBUS ilizama, kontrola ikajiriseti, na diski iliyokuwa kwenye poti ya nne ikadondoka katikati ya kuandika. Simu hazikukosea kitu, ziliambiwa vuta zikavuta.

HATUA YA 3: SWICHI, KONDENSA NA WAYA

Kila poti yenye BC inahitaji swichi ya umeme yenye kikomo cha mkondo juu ya 1.5 A. Swichi za zamani zilizopangwa kwa 500 mA zitakata simu ikianza tu kuvuta, alafu kontrola itaona pini ya OCS imeshuka na kuripoti kwamba mkondo umezidi. Chip kama TPS2561 inakuruhusu kupanga kikomo kwa resista kuanzia 250 mA mpaka 2.8 A, na ina chaneli mbili. Usipange 1.5 kamili, kwa sababu kikomo kina kupanda na kushuka kutoka chipu hadi chipu. Panga kama 2 A ili namba ya chini kabisa kwenye jedwali la datashiti ibaki juu ya 1.5.

Kwenye VBUS ya poti za chini (zile za kuchomekea vifaa) weka kondensa, USB 2.0 inataka si chini ya 120 µF kwa habu. Usibane hapa. Simu ikichomekwa inajaza kondensa zake kwa ghafla na jirani yake ndo anaumia.

Na waya jamani. Waya mwembamba wa 28 AWG (kipimo cha unene, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba) una kama ohm 0.21 kwa mita. Mkondo unaenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni ohm 0.43 hivi, na kwa 1.5 A unapoteza karibu 0.64 V njiani. Ukitoka na 5.0 V simu inapata 4.36, na simu nyingi zikiona volti inakaribia 4.5 zinajipunguzia mkondo zenyewe. Kebo ya 24 AWG ya urefu huo huo inapoteza kama 0.25 V tu. Kwa hiyo kabla hujasema habu haichaji, badili kebo.

HATUA YA 4: WASHA BC KWA PINI

Chipu nyingi zinakuruhusu kuwasha BC kwa resista tu, bila programu yoyote. Kwenye USB2514B pini zinaitwa PRTPWR na BC_EN kwa pamoja, kwenye TUSB8041 ni PWRCTL na BATEN. Hilo jina la mara mbili ndo la kuzingatia: pini ni moja ila ina kazi mbili kwa nyakati tofauti. Wakati wa riseti ni sikio, kontrola inasoma kama umeivuta juu (BC iwake) au imebaki chini (BC izimwe). Riseti ikiisha inageuka mdomo, inaiamrisha swichi ya VBUS iwake au izime.

Sasa angalia mtego uliopo. Tuseme umeweka resista ya kilo-ohm 100 kuvuta pini juu kwenda 3.3 V, na fundi aliyechora sehemu ya swichi akaweka kilo-ohm 10 kuvuta pini ya kuwashia chini ili swichi isijiwashe ovyo. Hizo mbili zinagawana: 3.3 mara 10 gawa kwa 110 ni 0.3 V. Kontrola inasoma sifuri, BC haiwaki, na ukikagua resista yako ya juu unaikuta ipo na imeunganishwa vizuri kabisa. Unaweza kumaliza siku nzima hapo. Dawa ni kuondoa hiyo ya chini au kuifanya ya juu iwe na nguvu zaidi kulingana na datashiti, alafu pima pini yenyewe wakati riseti imeshikwa chini, sio baadaye.

TUSB8041 ina pini nyingine, AUTOENz, ambayo ukiishusha chini inawasha hali ya kujichagulia: kompyuta isipokuwepo, poti inabadilika yenyewe kati ya DCP na volti za vigawa mpaka ipate lugha ambayo kifaa kinaielewa. Kwa habu ya mezani inayobaki inachaji baada ya kompyuta kuzimwa, iwashe hii.

HATUA YA 5: AU WASHA KWA REJISTA

Kama kontrola yako inapangwa kwa EEPROM (chipu ya kumbukumbu) au SMBus (waya mbili za kuzungumza na chipu), angalia kwanza kwenye datashiti nani mwenye kauli ya mwisho, pini au rejista (nafasi ya mipangilio ndani ya chipu). Kwenye USB2514B rejista ya BC ni D0h: biti ya 1 ni poti ya 1, biti ya 2 ni poti ya 2, mpaka biti ya 4. Biti ya 0 haitumiki. Poti zote nne basi ni 0x1E, na poti ya kwanza peke yake ni 0x02. Watu wengi wanaandika 0x0F kwa mazoea, alafu wanashangaa poti ya nne haichaji.

Kwa SMBus anwani yake ni 0x2C, na inataka uandishi wa bloku, sio wa baiti moja moja. Kwa hiyo kwenye Linux, kama basi yako ni namba 1:

i2cset -y 1 0x2c 0xd0 0x1e s
i2cset -y 1 0x2c 0xff 0x01 s

Mstari wa pili ndo unaiambia habu "haya jiunge na kompyuta". Kabla ya huo mstari habu haionekani kwenye lsusb, usiogope. Ila mipangilio yote iandike kabla yake, kwa sababu habu ikishajiunga njia ya kurudi ni riseti tu. Na hii ni kiini tu, rejista nyingine za msingi kama namba za utambulisho nazo ziwe zimejazwa.

HATUA YA 6: BISHA HODI MWENYEWE

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana inakuonyesha ukweli bila kutegemea simu ya mtu. Kata ile kebo, acha plagi upande mmoja, chuna waya nne. Nyekundu ni VBUS, ifunge na utepe isiguse kitu. Nyeusi ni gandi, nyeupe ni D-, kijani ni D+, lakini hakikisha kwa mita kwa sababu rangi sio sheria.

Chukua betri ya 1.5 V, unganisha resista ya ohm 150 kwenye chanya, ikifuatiwa na ya ohm 100 kwenda hasi. Katikati ya hizo mbili unapata 0.6 V. Betri mpya inaweza kutoa 1.6 ukapata 0.64, bado iko ndani ya ruksa. Hasi ya betri iunganishe na nyeusi. Usijaribu kupeleka 1.5 nzima kwenye D+, ikivuka 0.8 V kontrola inaweza kudhani kuna kifaa kimejiunga na majibu yote yanaharibika.

Habu iwe imewaka na imeunganishwa kwenye kompyuta. Gusisha 0.6 V kwenye D+, pima D-. Ukisoma karibu na sifuri, poti ni SDP, BC haijawaka, rudi hatua ya 4. Ukisoma kama 0.6, kuna aliyeitika. Sasa hamisha 0.6 V kwenda D-, pima D+. Ikibaki chini ni CDP, ndo tunayoitaka. Kisha chomoa kebo ya kompyuta, iache habu na adapta yake, ngoja sekunde chache, rudia. Safari hii kote kuwili unatakiwa upate mwangwi, yaani DCP.

Usishtuke ukikuta D- ina 0.6 V hata kabla hujabisha hodi. BC 1.2 inairuhusu CDP kuiweka volti hiyo muda wote ambao hamna kifaa, mradi iiondoe kifaa kikijiunga. Na kama umewasha hali ya kujichagulia unaweza kukuta 2.7 V au volti nyingine pale kompyuta isipokuwepo, hiyo ni ile lugha ya vigawa. Acha 0.6 yako imegusa kwa muda kidogo uone kama poti inahama kwenda DCP.

Kwa chaja tupu ya ukutani kuna njia fupi, izime kabisa alafu pima upinzani kati ya D+ na D-. Chini ya ohm 200 ni DCP.

HATUA YA 7: MUULIZE MWENYE SIMU, ALAFU ELEWA KUKATIKA-KATIKA

Chomeka simu ya Android kwenye poti, na kwenye kompyuta andika amri hii ya adb, zana ya kuongea na Android:

adb shell dumpsys battery

Utaona mistari ya "AC powered" na "USB powered", na kwenye simu nyingi kuna "Max charging current" kwa µA. Ukiona USB powered ni true na 500000, simu imejiona iko SDP. Ikiwa 1500000, hodi imeitikiwa. Kwa DCP huwezi kutumia adb ya kebo kwa sababu data hamna, itumie kwa waifai. Kile kifaa kidogo cha kupima nacho weka, ila jaribu simu ikiwa chini ya asilimia 50, maana simu iliyokaribia kujaa inavuta kidogo yenyewe na utailaumu habu bure.

Sasa lile lalamiko la kila siku: "nikiwasha kompyuta simu inalia kama imechomolewa na kuchomekwa tena". Hiyo ni habu kufanya kazi yake. Kompyuta ilipokuwa imezimwa poti ilikuwa DCP, D+ na D- zimeshikana. Kompyuta ikiwaka poti inatakiwa iwe CDP ili data zipite, lakini simu ilishabisha hodi zamani na haitarudia mpaka ione umeme umekatika. Kwa hiyo kontrola inakata VBUS kwa muda mfupi na kuirudisha, simu inaanza upya. Ndo maana BC inataka swichi kwa kila poti: bila swichi kontrola haina namna ya kuifanya simu iulize tena, na kwenye habu yenye swichi moja ya pamoja kukata kwa ajili ya simu moja ni kukata kila kitu.

Kutokana na hilo, poti utakayoweka diski au flashi izimie BC kabisa. Haina faida yoyote nayo.

KAMA HABU YENYEWE NDO INAULIZA

Kuna habu zinazokaa ndani ya vifaa vyenye betri, kwa mfano doki ya tableti. Hapo poti ya juu nayo inahitaji kujua imechomekwa kwenye nini, chaja au kompyuta. USB2534 na ndugu zake zinaweza kucheza nafasi ya simu kwenye poti ya juu: zinabisha hodi kwa utaratibu ule ule na kukupa jibu ili chipu ya kuchaji betri ijue ivute 0.5 au 1.5 A. La kuzingatia ni mpangilio wa muda. Kubisha hodi lazima kuishe kabla habu haijavuta D+ juu kwa ile resista yake ya kilo-ohm 1.5 ya kujitambulisha, maana ikishavuta waya unakuwa na zaidi ya volti 3 na hodi ya 0.6 haisikiki tena. Kama faimwea yako inairuhusu habu ijiunge mapema, utapata jibu la SDP kila mara hata kwenye chaja nzuri.

KIDOGO KUHUSU USB-C

Poti ikiwa ya C kuna sauti nyingine inayosikilizwa kabla ya BC 1.2. Chanzo kinatangaza uwezo wake kwa resista kwenye pini ya CC: kilo-ohm 56 kwenda 5 V ni uwezo wa kawaida wa USB, 22 ni 1.5 A, 10 ni 3 A, na upande wa kifaa kuna 5.1 kwenda gandi. Simu inafuata kwanza mazungumzo ya PD (Power Delivery, chaja na simu kukubaliana umeme kwa ujumbe) kama yapo, kisha tangazo la CC, kisha BC 1.2, mwisho kabisa ile 500 au 900. Kwa hiyo kwenye poti ya C ukiweka resista ya 10, simu itavuta 3 A hata kama BC_EN umeizima, na hesabu yako ya hatua ya 2 lazima ifanywe upya kwa namba hiyo.

KIPIMO CHA MWISHO

Chomeka kifaa cha kuvuta mzigo kwenye kila poti uliyoiwashia BC, zote kwa pamoja, kila moja 1.5 A, na kwenye poti ya diski weka diski inakopi faili kubwa. Acha saa nzima. Pima VBUS pale kwenye soketi yenyewe, iwe 4.75 V au zaidi, na gusa konvata na swichi kwa kipima joto. Huku dirisha lingine liwe wazi na dmesg -w inayoonyesha ujumbe wa Linux papo hapo, kwa sababu neno "over-current" likitokea hata mara moja au diski ikijisajili upya, bado kuna poti moja umeiahidi umeme ambao haupo, basi izimie BC hiyo poti na uanze saa upya.